Sketi ya Marinda Hula Kitambaa Kiasi Gani?

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, akina mama huonekana madukani wakinunua kitambaa cha sketi kwa kukisia. Kikizidi, fedha imepotea. Kikipungua, marinda ya nyuma hukosekana, na jora la pili mara nyingi huwa na rangi iliyopishana na ya kwanza.

Kipimo cha kuanzia ni nyonga, wala si kiuno. Sketi iliyokadiriwa kwa kiuno hufumbuka marinda penye nyonga, ikaonekana imembana mvaaji. Msichana mwenye nyonga za sentimita 68 huongezewa 4 za nafasi, zikawa 72. Rinda moja lenye uso wa sentimita 4 hula 12: nne zinazoonekana, nne za kwenda ndani na nne za kurudi. Basi marinda 18 yahitaji sentimita 216, yaani nyonga mara tatu. Kiuno kikiwa 60, kila rinda huingizwa karibu milimita 7 zaidi sehemu ya juu.

Sketi ya urefu wa sentimita 55 huongezewa 8 za upindo, maana mtoto hurefuka, na 2 za kushonea mkanda: jumla 65.

Hapa upana wa jora ndio unaoamua gharama. Kitambaa cha upana wa 115 hutaka vipande viwili, yaani 130, na 10 za mkanda. Kwa kuwa pamba hurudi ifuliwapo, hununuliwa mita moja na nusu, ikaloweshwa kabla ya kukatwa. Upana wa 90 hudai vipande vitatu, zaidi ya mita mbili.

Upana wa 150 humdanganya mnunuzi, kwani kipande kimoja hakifikii 216. Hata hivyo, mwenye fedha kidogo aweza kukunja nusu: uso 4, ndani 2, kurudi 2. Marinda 18 yatakula 144, na mshono 4. Sentimita 75 pamoja na mkanda zatosha, ila marinda hayo hufunguka upesi mtoto aketipo, na yataka pasi kila asubuhi.

Kitambaa cha miraba ni shughuli nyingine: miraba sharti ilingane penye mishono, hivyo huongezwa urefu wa mraba mmoja kwa kila kipande. Mwenye shaka na akunje kwanza ukanda wa gazeti lililokwisha kusomwa, mkasi ukingali mezani.