Mombasa na Unguja: Udugu Mmoja, Dola Mbili



Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa hakukosekani shangazi aliyeolewa Unguja au babu aliyezikwa Pemba. Kanga, ubani, maulidi na pilau ya harusi ni mambo tuliyonayo sote. Hata hivyo, mtu wa Unguja akiulizwa yeye ni nani, hujibu kwa neno moja: Mzanzibari. Sisi tukiulizwa suala hilo hilo hutafakari kwanza. Mswahili? Mpwani? Mkenya? Tofauti hii haikuletwa na damu wala dini. Imeletwa na dola.

Hadi mwaka 1963 bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Mwambao wetu, ukanda wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza wakiuendesha kwa mapatano ya mwaka 1895 na kumlipa kila mwaka. Oktoba 1963 Sultani aliuachia Kenya, baada ya mawaziri wakuu wawili, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, kuandikiana barua za ahadi: makadhi wabaki, dini iheshimiwe, hati za ardhi zitambuliwe. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, Kenya tarehe 12. Mwezi mmoja baadaye Mapinduzi yakamwondoa Sultani pamoja na serikali ya Shamte, na Aprili 1964 Zanzibar ikaungana na Tanganyika. Ahadi ile ikabaki mkononi mwa upande mmoja tu.

Ndani ya Muungano, Zanzibar ilibaki na Rais wake na, baadaye, Baraza lake la Wawakilishi. Tangu mwaka 2005 ina na bendera yake. Zaidi ya hayo, sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967. Mshirazi, Mhadimu, Mtumbatu, Mwarabu: majina yaliyowatenganisha watu kabla ya Mapinduzi, leo karani wa sensa hayaandiki. Tusidhani, lakini, kwamba neno Mzanzibari limewatosheleza wote. Mpemba ana manung'uniko yake, na kila uchaguzi ukija huyasikia hata aliyeziba masikio.

Kwetu Kenya mambo ni kinyume. Hapa kabila ndilo mlango wa siasa, na Mswahili, ambaye asili yake ni mji na mtaa kabla ya ukoo, hukaa vibaya katika kisanduku hicho. Vijana wetu wengi, kwa miaka mingi, wamedaiwa vyeti vya mababu kabla ya kupewa kitambulisho, hali ya kuwa makaburi ya mababu hao yako nyuma ya msikiti.

Hata lugha imeingia katika mgawanyo huu. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwa hiyo mtoto wa Mvita anayeandika "mato" na "ndoo" badala ya "macho" na "njoo" hupigiwa alama ya kosa kwa maneno aliyofunzwa na nyanya yake. (Sisi tungemwachia angalau nusu alama.)

Lipo jambo moja ambalo sisi tumetangulia. Mahakama ya Kadhi imetajwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170. Ile ya Zanzibar imesimama juu ya sheria iliyotungwa na Baraza. Mwanamke wa Mombasa anayedai talaka au mirathi, basi, ana ulinzi wa Katiba yenyewe, maadamu wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo.

Na wale mabinti zetu wanaoolewa ng'ambo? Mtoto wa mama Mkenya ni Mkenya tangu kuzaliwa, popote azaliwapo, na Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtoto wa baba wa Unguja na mama wa Mombasa akitimiza miaka 18, sheria ya upande wa pili itamtaka aukane uraia wa Kenya, au apoteze ule wa Tanzania. Jambo hili lizungumzwe na wazee wa pande zote mbili mapema, na vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vihifadhiwe tangu siku ya kwanza.