Je, Wajua? Karani Akishika Kalamu

Je, wajua kwamba viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, viliachwa wazi kwa sababu ya rangi za watu? Waingereza waliukata mji mafungu matatu: Uzunguni kule upepo wa bahari unakopiga, Uhindini kwenye maduka, na Kariakoo kwa Waafrika. Baina ya Uhindini na Kariakoo wakaweka uwanda mtupu, eti maradhi na mbu wasivuke. Mbu hajawahi kusoma ramani. Leo jioni watu wanakatiza hapo na mifuko yao bila kujua kwamba wanavuka mpaka.

Na Kariakoo lenyewe ni jina la Kiingereza lililopigwa pasi na midomo yetu: ndipo ilipokuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, cha Vita Kuu ya Kwanza.

Je, wajua kwamba Mswahili ni mtu wa shida kumpata? Mwambie mtu wa Dar "una mambo ya Kiswahili", atakununia. Nenda Lamu, utaambiwa huyu ni Mwamu, yule Mbajuni. Mombasa watakuhesabia Mataifa Kumi na Mawili, na Unguja utakutana na Mhadimu, Mtumbatu, Mshirazi. Mswahili yuko wapi? Alikuwako mmoja, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Baba yake alikuwa na asili ya Uyao. Yeye akajihesabu Mswahili, akamaliza.

Je, wajua kwamba kuna uchaguzi ambao mpigakura wa Tanganyika alilazimika kuchagua kwa rangi? Zile ndizo kura tatu za 1958 na 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mzungu, cha Mwasia. Ukiingia chumbani unaweka alama kwa wote watatu. Ukimchagua Mwafrika wako peke yake ukatoka, kura yako imeharibika. Hesabu hiyo uitazame vizuri. Sensa ya 1957 ilikuta Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu kama 20,000, lakini viti vikawa sawasawa. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura: ulitakiwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambulika.

TANU ilikutana Tabora Januari 1958 ikiwa tayari kupasuka. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawashawishi waingie, na uamuzi ule ukabaki na jina lake hadi leo: Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuona busara yoyote, akajitoa na kuanzisha chama chake. TANU ikafanya kitu ambacho waliotunga sheria hawakukipigia hesabu: ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana nayo, ikavizoa viti vya rangi zote.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, swali lilirudi bungeni kwa mlango mwingine: uraia uwe wa Waafrika tu? Safari hii waliotaka rangi itazamwe walikuwa wabunge wetu wenyewe. Nyerere alisema serikali yake itajiuzulu muswada wake wa uraia usiotazama rangi ukikataliwa. Ukapita.

Je, wajua kwamba Nyerere huyohuyo alipomtafsiri Shakespeare alibadilisha ugomvi? Tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice, ambayo dunia nzima inabishania namna inavyomwonyesha Myahudi Shylock, yeye aliipa jina Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Kwa neno moja tu, kesi ikahama kutoka kwenye asili ya mtu ikaenda kwenye mfuko wake.

Je, wajua kwamba tumbo nalo liliwahi kupewa kabila? Vita vya Pili vilipobana chakula Zanzibar, mgao ulifuata asili. Mwarabu na Mhindi walikuwa wa mchele, Mwafrika wa unga wa mahindi. Mtu aliyekula wali tangu kwa bibi yake akaambiwa na kadi kwamba yeye ni wa ugali.

Ukoloni haukuwa wa kwanza kumsoma mtu kwa juu juu. Kabla utumwa haujapigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mjakazi alijulikana kwa nguo: kaniki iliyokolea, au merikani isiyo na ua. Baadaye wanawake walizikimbilia kanga za rangi kama wenye kulipa deni. Na Siti binti Saad, msichana wa Fumba aliyefinyanga vyungu na kuvitembeza mjini, jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Siti maana yake bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili, na wasifu wake ukaandikwa na Shaaban Robert, yule Mswahili wetu.

Sasa tuvuke bahari, maana huko kuna walimu wawili wa Kiswahili ambao hawatajwi inavyostahili.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kilichotoka 1903 kwa jina la Carl Velten, ni kazi yake, zikiwemo habari za posa na harusi za pwani. Mwaka uliofuata akaoa yeye mwenyewe, mke Mjerumani, Bertha. Mwaka 1905 walipotaka kurudi nyumbani, wakuu wa koloni hapa Dar hawakukubali Mwafrika aishi na mke Mzungu. Mjuzi wa desturi za ndoa akageuza njia na mkewe. Alifia Berlin 1927.

Wa pili ni Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Alikuwa mtoto tu alipoingia askari pamoja na baba yake kuwapigania Wajerumani. Baadaye akaenda Berlin kudai mishahara yao ya vita. Akaambiwa amechelewa. Akabaki: mchana anafundisha Kiswahili chuo kikuu, usiku anahudumia meza mkahawani, katikati anaigiza filamu, kwa kuwa Wajerumani wa enzi ya Hitler walihitaji Waafrika wa kuonyeshwa wakitii. Filamu yake ya mwisho ilimtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni la Wajerumani, yule ambaye huku kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Ilitoka 1941. Mwaka huohuo Husen akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kibamba cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini Berlin, ukubwa wa kiganja. Inabidi uiname ndipo usome.

Haraka haraka: Aleksandr Pushkin, baba wa fasihi ya Kirusi, alikuwa kitukuu wa Abram Gannibal, Mwafrika aliyeletwa mtoto akafika ujenerali. Homer Plessy, aliyetolewa kwenye behewa la Wazungu New Orleans mwaka 1892, alikuwa na mhenga mmoja tu Mwafrika kati ya wanane. Alisamehewa rasmi mwaka 2022, amekwisha kuwa udongo.

Afrika Kusini, chini ya sheria ya 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi, penseli iliweza kupitishwa kwenye nywele zako. Ikidondoka, wewe Mzungu, ikikwama, pole. Bessie Head alizaliwa nchi hiyo mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, alikokuwa mama yake Mzungu. Baba yake alikuwa Mwafrika. Alipohamia Botswana hakuandika kuhusu Wazungu tu. Riwaya yake Maru, ya 1971, inamhusu mwalimu Msarwa, yaani Msan, anayedharauliwa na Waafrika wenzake. Hiyo ndiyo ninayompendea.

Rwanda, Wabelgiji walianza kuandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari ule mmoja ulitosha.

Lakini kuna wanaoililia karatasi hiyohiyo. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walikuja Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila kitambulisho. Oktoba 2016 wakaondoka kwa miguu kwenda Ikulu, Nairobi. Walirudi na ahadi, wakahesabiwa kabila la 43. Wahindi wa Kenya wakafuata 2017 wakawa la 44. Na mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi walioishi Kilifi na Kwale vizazi kadhaa.

Kwa hiyo Mpemba wa Kilifi sasa ana kabila serikalini. Binamu yake aliyebaki Wete, Pemba, karani wa sensa alipopita mwaka 2022, hakuulizwa. Tanzania Bara na Visiwani, swali hilo liliondolewa baada ya sensa ya 1967.