Kabla ya Kuilaumu Metformini

Swali lenyewe huja mtu akiwa ameshainuka kitini, cheti mkononi, mlango umeshafunguliwa: "Dokta, na hizi dawa nitazinywa mpaka lini? Maana nasikia zinaharibu figo." Nimeulizwa hivyo na mchimbaji wa Nyarugusu, na mama ntilie wa Katoro, na mwalimu mstaafu wa Shinyanga mjini ambaye kwa mengine yote ni mtu makini. Namwelewesha, anaitikia kwa adabu, anaondoka. Mwezi unaofuata anarudi sukari ikisoma 19, pakiti za metformini, dawa yake ya kisukari, hazijaguswa, na nyumbani kuna dumu la maji ya majani ya mlonge. Basi leo naandika, na atakayeuliza tena nitampa gazeti.

Sitaanza na kongosho na insulini. Hayo msomaji anayajua. Twende kwenye figo.

Imani hii ina nguvu kwa sababu watu wanaamini wameiona kwa macho. Mjomba alitumia metformini miaka kumi. Figo zikafeli, akapelekwa Mwanza kusafishwa damu, na jambo la kwanza walilofanya madaktari ni kuisimamisha metformini. Familia ikahitimisha hapohapo: kumbe walikuwa wanajua! Ni kama mtu aone kila duara la mgodi likititia wanakuja watu na machela, aamue kwamba machela ndizo zinazotitisha maduara.

Kilichotokea ni hiki. Metformini haivunjwivunjwi mwilini. Inatoka nzima kwa njia ya mkojo. Figo zikishachoka, dawa inabaki kwenye damu na kujirundika, na ikizidi sana inaweza kuchangia tindikali ya laktiki, hali adimu lakini ya kuua. Kwa hiyo kiwango cha figo kuchuja damu kikishuka chini ya 45 tunapunguza dozi, kikishuka chini ya 30 tunaiondoa kabisa. Tunaiondoa kwa sababu figo zimeharibika tayari. Aliyeziharibu ni mwingine.

Huyo mwingine ni sukari yenyewe, akishirikiana na presha. Damu yenye sukari nyingi inapopita kwenye vichujio vya figo mwaka baada ya mwaka, vichujio vinalegea na kuanza kuvujisha protini kwenye mkojo. Mtu haumwi popote. Anakojoa vizuri, anafanya kazi, anasema "mimi niko fiti". Miguu inapoanza kuvimba, figo zimeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake, na ndipo anapokumbuka kuna vidonge alivyopewa, anavilaumu.

Kama vidonge ndivyo vinavyoua figo, basi wanaovinywa kwa bidii ndio wangeharibika zaidi. Hilo lilishapimwa. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulioanza 1977 na kutoa majibu 1998 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wa kisukari cha aina ya pili. Waliobanwa sukari yao kwa vidonge na sindano walipata madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo, pungufu kwa robo kuliko wale ambao sukari yao haikubanwa hivyo. Mgonjwa aliyeacha metformini ili kuokoa figo zake amefanya kinyume kabisa cha alichokusudia.

Hofu hii ina babu yake. Palikuwa na dawa ndugu ya metformini, fenformini, iliyoleta ile tindikali kiasi kwamba Marekani iliiondoa sokoni 1977. Metformini ikabeba jina baya la nduguye, na Wamarekani hawakuiruhusu kwao hadi mwisho wa 1994, wakati Wafaransa walishaanza kuitumia tangu enzi za daktari Jean Sterne, 1957. Na kwa wale wanaoniambia "mimi nataka kitu cha asili, siyo kemikali": metformini asili yake ni mmea. Unaitwa galega, na watu wa Ulaya waliutumia karne nyingi kabla wataalamu hawajachukua kemikali yake na kuitengeneza iwe salama, kwa sababu mmea wenyewe una sumu.

Sasa nimgeukie huyu anayeogopa figo. Mfukoni mwake, upande wa pili, ana kamba ya diklofenaki, ile mnayoiita diklopa. Anameza asubuhi kabla ya kushuka duarani, anameza tena usiku kwa ajili ya mgongo, miezi na miezi, bila kumuuliza mtu. Dawa hiyo inapunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mwenye kisukari na presha, tena anayetoka jasho siku nzima bila maji ya kutosha, ni hatari ya kweli. Nyuma ya nyumba mtu yuleyule anachoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye sufuria, mvuke unamwingia yeye na watoto, na zebaki nayo ni adui wa figo anayejulikana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mlangoni kama diklopa inaharibu figo.

Kuhusu dawa za asili za chupa zinazouzwa mnadani nitakuwa mfupi kuliko zinavyostahili. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Wenye kisukari walikuwemo. Foleni iliisha, kisukari hakikuisha. Na ukiambiwa dawa ya asili "imeshusha sukari siku tatu tu", usishangilie. Jiulize kuna nini ndani. Singapore mwaka 2008 watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya. Baadhi yao walikiri kutumia dawa za nguvu za kiume za magendo, na ndani yake ilikutwa glibenklamidi, kidonge cha kisukari. Wanne walikufa.

Hapo ndipo penye hofu inayostahili. Wengi wenu mmepewa vidonge viwili, metformini na glibenklamidi. Chenye uwezo wa kukuua usiku wa leo siyo kile mnachokiogopa. Metformini ikiwa peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inailazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Mchimbaji anaimeza alfajiri kwa chai ya rangi, anashuka, akitegemea kula wali maharage akitoka. Mchana hajatoka. Jasho la baridi linamtoka, mikono inatetemeka, anaanza kuongea ovyo, anagombana na anayemshikia kamba. Wenzake wanasema kalewa, au wanasema karogwa. Akiwa kweli alipitia gongo kabla, ni mbaya zaidi, maana pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba.

Mwenzako akiwa hivyo na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, rudia kama hajatulia, kisha ale chakula kamili. Halafu apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anacheka, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuendelea kufanya kazi hadi siku nzima na atadondoka tena usiku. Amepoteza fahamu? Usimmiminie kitu mdomoni. Mbebe, mkimbie.

Mengine haraka. Glibenklamidi inamezwa chakula kikiwa mezani. Hakuna chakula, hakuna kidonge. Kama zamu zako hazieleweki, mwambie daktari akubadilishie, zipo nyingine. Metformini meza katikati ya mlo au ukimaliza. Tumbo likivuruga wiki za mwanzo, usiache. Omba kuanza na kimoja cha miligramu 500 jioni na kupanda polepole. Zile zinazoachia dawa taratibu mwilini usizitafune wala kuzivunja. Ukisahau dozi, usimeze mbili. Ukitapika au kuharisha sana, simamisha metformini mpaka ule na unywe vizuri, na uende kituoni siku hiyohiyo. Kabla ya CT scan ya kuchomwa dawa ya mshipa, sema unatumia metformini. Ukiwa mjamzito au unapanga kubeba mimba, sema. Ganzi miguuni baada ya miaka ya kuitumia, omba wakuangalie vitamini B12. Kreatinini na protini ya mkojo mara moja kwa mwaka, presha kila ukija. Usimgawie jirani dawa zako.

Na siku ya kliniki njoo na kila unachomeza kwenye mfuko mmoja: metformini, diklopa, unga wa mlonge, na ile chupa isiyo na lebo ya mnadani. Ukiileta sitakugombeza.