Injini Isiyonywa Maji Nayo Hutaka Kupozwa

Huenda umewahi kuiona Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo kama wa kobe. Gari hili lilisifika sana Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya magari ambayo leo huitwa Safari Rally, mwaka 1954, 1957 na 1962. Kiwanda cha mwisho, huko Mexico, kiliacha kulitengeneza mwaka 2003. Lakini machache yangali yanatembea. Kama unalo, soma habari hii.

Injini hupozwa na nini?

Gari hili halina rejeta. Injini yake iko nyuma. Watu wengine husema, "Halina maji, kwa hiyo haliwezi kuchemka." Hiyo si kweli. Kila injini hutoa joto. Joto likizidi, vyuma hutanuka, hukwama na kuharibika.

Uji wa moto unaupoza kwa kuupuliza. Injini hii nayo hupulizwa. Ndani ya bati lake kuna feni kubwa. Feni huvuta upepo na kuupeleka kwenye silinda. Silinda zina mapezi membamba ya chuma. Upepo hupita kati ya mapezi na kuondoa joto. Oili nayo husaidia kupoza.

Utunze mkanda

Feni na dinamo huzungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, feni husimama. Hapo taa ya dinamo huwaka mbele ya dereva. Ukiiona, simama mara moja. Zima injini. Usiseme, "Nyumbani ni karibu." Ukiendelea, unaua injini. Bei ya mkanda ni ndogo. Bei ya injini inaweza kumaliza mavuno yako.

Pima mkanda kila wiki, injini ikiwa imezimwa. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimeta 1 na nusu, ni sawa. Ukilegea zaidi, utateleza. Ukikazwa mno, utaharibu beringi za dinamo. Ukiwa na nyufa, ubadilishe.

Jinsi ya kuukaza: puli ya dinamo ina vipande viwili. Kati yake kuna visahani vyembamba vya chuma. Fungua nati, toa kisahani kimoja katikati, ukiweke upande wa nje, chini ya nati. Usikitupe. Utakihitaji ukifunga mkanda mpya.

Mambo mengine ya kufanya

1. Pima oili kabla ya safari, gari likiwa mahali tambarare. Injini hii hubeba lita 2 na nusu tu. Ikipungua kidogo, joto hupanda.

2. Badilisha oili kila kilometa 5,000. Kwenye vumbi jingi, badilisha mapema zaidi.

3. Ziba mahali oili inapovuja. Oili na vumbi hufanya tope, na tope huziba mapezi.

4. Gari likikaa muda mrefu, angalia ndani ya bati la feni. Panya hupenda kujenga humo kwa nyasi na maganda ya mahindi.

5. Usikubali fundi atupe mabati na mipira inayoizunguka injini. Hivyo ndivyo vinavyoongoza upepo baridi na kuzuia upepo wa moto usirudi.

6. Usimwagie maji injini ya moto. Chuma chaweza kupasuka. Ngoja ipoe yenyewe.

Kumbuka: ndani ya gari weka mkanda wa akiba, spana na bisibisi. Siku ya kumpeleka mgonjwa hospitali usiku, vitu hivyo ndivyo vitakavyowafikisha.