Chakula cha ng'ombe chenye kuvu ni hatari kwa mnywaji maziwa

Watu wengi wakiona mahindi yameota kuvu hawayasagi unga wa ugali. Badala ya kuyatupa, huona heri wampe ng'ombe. Wasichojua ni kwamba sumu iliyomo huwarudia wao wenyewe kupitia maziwa.

Sumu hiyo huitwa aflatoksini. Hutokana na kuvu inayomea kwenye mahindi, njugu na mashudu ya pamba yasiyokaushwa vizuri. Mwaka wa 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafariki. Hao waliila kwa wingi. Anayeipata kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni dalili yoyote, lakini yumo katika hatari ya kupata saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Ng'ombe akila chakula chenye sumu, ini lake hugeuza sehemu yake kuwa aflatoksini M1, ambayo hutoka katika maziwa. Maziwa hayo hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Endelea kuchemsha maziwa, kwani moto huua viini vya kifua kikuu na bruselosisi, lakini hauondoi sumu hii. Maziwa ya pakiti pia yaweza kuwa nayo. Watoto, ambao hunywa maziwa mengi wakilinganishwa na uzani wao, ndio wanaohitaji kulindwa zaidi.

Kwa hivyo kinga yapasa kuanzia kwenye chakula cha mifugo. Nchi za Ulaya haziruhusu chakula cha ng'ombe wa maziwa kuwa na zaidi ya mikrogramu 5 za aflatoksini B1 kwa kila kilo. Hapa kwetu Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) huweka viwango, lakini viwango vya karatasini havimlindi mtu iwapo wenye viwanda na maduka hawakaguliwi mara kwa mara.

Ukifuga ng'ombe, weka chakula chake mahali pakavu, juu ya mbao, na utupe kilichoota kuvu. Akiacha kukila, sumu huisha katika maziwa baada ya siku chache. Mahindi yasiyomfaa mtoto wako hayamfai ng'ombe wako pia.