Bima ya afya: Mkulima auliza alipe mwezi gani

MKULIMA wa mahindi wa Trans Nzoia hushika pesa za maana mara moja kwa mwaka, akishavuna na kuuza. Wa miwa husubiri zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukata. Maradhi hayangoji msimu. Ndiyo sababu katika mabishano yote ya wanasiasa kuhusu bima ya afya, mkulima haulizi kiwango cha mchango pekee. Huuliza pia pesa hizo zitatakiwa lini.

Mabishano yenyewe ni ya zamani. Mwaka wa 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima kwa Wakenya wote, uliopiganiwa na Bi Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia saini, hoja kubwa ikiwa gharama. Hazina ya bima ya hospitali, NHIF, iliyoundwa 1966, ikaendelea na kazi. Mwenye mshahara alikatwa kabla hajaushika, naye mkulima, mama mboga na fundi wa juakali wakijiunga kwa hiari. Mwaka wa 2015 mchango wa hiari ulipandishwa kutoka Sh160 hadi Sh500 kwa mwezi.

Hiari hiyo ilikuwa na shida yake. Wengi walikimbilia kulipa mgonjwa akiwa tayari kitandani, na alipopona wakaacha. Hazina inayochangiwa na wagonjwa peke yao haiwezi kudumu.

Serikali ilijaribu kuliziba pengo hilo kupitia Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, ambayo Rais William Ruto aliitia saini Oktoba 2023. Safari haikuwa nyororo. Julai 2024 Mahakama Kuu iliiharamisha, ikisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo Septemba, na Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua mahali pa NHIF.

Mpango ulipoanza, wenye mishahara walikatwa asilimia 2.75. Wasio na mishahara waliwekewa asilimia iyo hiyo ya mapato ya familia, isipungue Sh300 kwa mwezi. Lakini walitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kwa familia ya kiwango cha chini hiyo ni Sh3,600, nafuu kuliko Sh6,000 za NHIF. Familia iliyokadiriwa kupata Sh20,000 kwa mwezi hudaiwa Sh6,600. Pesa hizo si nyingi kwa mwaka, ila kuzitoa Aprili, shamba likidai mbegu na mbolea, ni jambo jingine.

Makadirio nayo yamezua manung'uniko. Mashine huuliza kuhusu nyumba, choo, maji na mifugo, kisha hupiga hesabu ya mapato. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa huenda akaonekana tajiri wakati mmoja amekauka na mwingine anamalizia deni la chakula cha mifugo. Ng'ombe ni mali, lakini hospitali haipokei ng'ombe.

Mnamo 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ili mtu alipe kidogo kidogo kwa mkopo. Ni hatua, ingawa mkopo hubaki mkopo. Kwa wafugaji na wakulima wa chai wanaolipwa kila mwezi, chama cha ushirika kukata kidogo kwenye malipo, kama kinavyokata deni la pembejeo, kungekuwa rahisi zaidi. Wa mahindi na miwa ndio waliosahaulika.

Kujisajili hakuna malipo, na hufanywa kwa simu kupitia *147#. Aliyesajiliwa hutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango hata kama hajalipa mchango. Bili ya kulazwa hospitalini hulipiwa familia iliyotoa mchango wake.