Gari Lenye Mioyo Miwili

Likizo ya Aprili ilinikuta katikati ya mabishano makali nyumbani, na leo nataka nikueleze niliyoyachimbua, maana huenda hata kwenu mabishano hayo yako njiani.

Mjomba wangu ni dereva wa teksi hapa Nairobi, na ndiye anayenilipia karo. Saluni yake kuukuu hunywa petroli kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Muhula uliopita nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa ajili ya karo. Basi akakata shauri aiuze, nyanya amwongezee pesa za miti aliyouza, aagize Toyota Yaris Cross kutoka Japani, tena ya haibridi.

"Haibridi? Kama mbegu ya mahindi?" nyanya aliuliza.

Tulicheka, lakini waama hakukosea. Mahindi ya haibridi huzaliwa na mbegu za aina mbili, kila moja na uzuri wake. Kwa Kiswahili sanifu twasema mahuluti. Gari la haibridi nalo lina injini ya petroli na mota ya umeme, na mbili hizo husaidiana.

Yaris Cross ilianza kuuzwa Japani mwaka 2020. Ni gari dogo, urefu mita 4.18, lakini limeinuka milimita 170 kutoka ardhini, kwa hivyo matuta ya mtaani halikwaruzi ovyo. Wauzaji huliita krosova. Usidanganywe na kifua chake kipana! Sura ni ya gari la porini, mifupa ni ya saluni ndogo, na mengi yake huvutwa na magurudumu ya mbele tu. Huuzwa kwa namna mbili, ya petroli tupu na ya haibridi. Injini ni ya lita moja na nusu kwa zote.

Sasa tuje kwenye kiini. Katika fizikia mwaka huu tumesoma nishati. Chukua gari la kilo 1,200, pamoja na abiria, linalokwenda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa. Lina jouli 60,000 za mwendo. Dereva akikanyaga breki, jouli zote hizo huwa joto na kupotea hewani. Kisha matatu ya mbele ikisogea, anachoma petroli upya kuzitafuta. Katika msongamano wa Jogoo Road mambo hayo hurudiwa mara ngapi kwa siku? Mhesabie mwenyewe.

Haibridi haikubali hasara hiyo yote. Kumbuka dinamo ya baiskeli: ukiigusisha na gurudumu, taa inawaka, lakini baiskeli inakuwa nzito. Ule uzito ndio breki yenyewe! Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka dinamo, ikapunguza kasi na kutia umeme kwenye betri. Gari likianza kusogea polepole, mota husukuma peke yake huku injini imelala. Mama aliuliza tutalichaji wapi stima zikipotea. Hakuna haja, halichomekwi ukutani.

Katika vipimo vya Japani, ile ya haibridi inayotumia kidogo zaidi hufika kilomita 30.8 kwa lita, na ya petroli 20.2. Kwa teksi ya kilomita 120 kwa siku, tofauti ni kama lita mbili. Barabarani kwetu hesabu haitakuwa hiyo hiyo, lakini mjomba aliikariri kama sala. Lakini mwenye safari ndefu za barabara kuu, asiyefunga breki, faida yake ni ndogo. Na anayeliegesha gari hadi Jumapili, heri anunue la petroli.

Baba alibaki amenuna. "Na betri ikifa?" Alikuwa na haki. Jirani yetu alinunua haibridi kuukuu kwa muuzaji mmoja, na betri kubwa ikazimika kabla ya mwaka kwisha. Bei ya nyingine ilimfanya akae chini.

Nilikwenda gereji lililoitengeneza. Fundi alinionyesha kwanza zile nyaya za rangi ya machungwa. "Hizo usiguse kamwe, zinaua." Kisha akanionyesha tundu la hewa karibu na kiti cha nyuma. Haibridi nyingi za Toyota hupoza betri kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari. Kichujio cha lile la jirani kilikuwa kimejaa vumbi la maramu na maganda ya njugu. Betri ilikuwa ikipikwa polepole, msomaji, na mwenyewe akifurahia kiyoyozi kule mbele!

Nilirudi nikasimulia. Nyanya alifikiri, akafungua fundo la leso. Alitoa masharti mawili: betri ipimwe na fundi huyo huyo mjomba asiposti hata shilingi ya mwisho, na abiria wasile njugu kiti cha nyuma. Mjomba aliapa.

Tunapoandika jarida hili gari bado liko baharini kuja Mombasa. Mjomba amekwisha kununua brashi ndogo ya kusafishia kichujio, ameitundika ukutani sebuleni.